Makete: Wilaya inayosafirisha wasio na ajira

Ukizisoma takwimu za ajira za nchi hii harakaharaka, utadhani dawa ya ukosefu wa ajira ni kurudi kijijini. Utafiti wa Nguvukazi wa mwaka 2014 uliukuta ukosefu wa ajira Tanzania Bara ukiwa takribani asilimia 10. Ule wa mwaka 2020/21 ukakuta umeshuka hadi karibu asilimia 9. Miaka nenda rudi, Dar es Salaam ndiyo inayotajwa kwa kiwango kikubwa, na vijijini ndiko kunakoonekana afadhali. Kwa hesabu hiyo wilaya kama Makete, mkoani Njombe, yenye ardhi ya baridi inayokubali viazi, ngano, pareto na miti, isingekuwa na sababu ya kuwaona vijana wake wakipanda mabasi. Nao wanapanda kila siku.

Nimeichagua Makete kwa sababu ni ndogo kiasi cha mtu kuweza kuielewa, na kwa sababu mambo yanayojificha Mbeya mjini au Iringa mjini, huku yako wazi. Ninachodai ni hiki: ukosefu mdogo wa ajira katika wilaya za aina hii unatokana kwa sehemu kubwa na watu kuondoka, huku wanaobaki wakihesabiwa kuwa wana kazi hata kama kazi yenyewe ni ya siku chache kwa mwaka.

Tuangalie kwanza watu wanavyohesabiwa. Kipimo cha kimataifa kinauliza kama katika wiki iliyopita ulifanya kazi yoyote, hata ya saa moja. Kama hukufanya, unaulizwa kama ulikuwa tayari kufanya na kama ulitafuta. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imejitahidi kulegeza masharti hayo. Tafsiri yetu ya kitaifa inawaingiza pia wale walioacha kutafuta, na wale ambao kibarua chao hakina uhakika wa kesho. Hilo ni jambo la busara, maana mtu wa Lupila, huku Makete, atatafuta kazi wapi? Atabandika barua ya maombi kwenye mti wa nani? Hata hivyo, mama aliyeshinda akipalilia viazi vya familia, na kijana aliyepakia magunia kwenye fuso siku moja ya gulio, wote wana nafasi kubwa ya kuingia upande wa wenye kazi. Upo utaratibu wa kuwatambua wanaofanya kazi chini ya saa 40 kwa wiki huku wakitaka zaidi, ila magazeti hayakipi kipimo hicho kichwa cha habari. Isitoshe, tafiti hizi hazikuundwa kutoa picha ya wilaya mojamoja, kwa hiyo mkurugenzi wa halmashauri anapanga mipango ya ajira akitumia wastani wa watu wengine.

Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani, wakakubaliana kwamba anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake anafanya kazi, naam, lakini asihesabiwe kuwa ameajiriwa. Ajira ikabaki kuwa kazi ya kupata malipo au faida. Ipeleke kanuni hiyo kwenye kijiji chochote cha ukanda wa Nyanda za Juu Kusini, uone idadi ya wenye ajira itakavyoporomoka siku hiyohiyo, bila mtu hata mmoja kubadilisha anachofanya asubuhi.

Sasa sensa. Kati ya mwaka 2002 na 2012 nchi iliongezeka watu zaidi ya milioni kumi. Makete ikapungua. Sensa ya 2012 ilikuta watu 97,266, wachache kuliko waliohesabiwa miaka kumi nyuma, ilhali kina mama hawakuacha kuzaa. Sababu zinazojulikana ni mbili, na zinashikana. Ya kwanza ni UKIMWI. Mkoa wa Njombe umekuwa ukiongoza nchini kwa maambukizi: asilimia 14.8 katika utafiti wa 2011/12, 11.4 katika ule wa 2016/17, na 12.7 katika ule wa 2022/23. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea, ugonjwa huo ulichukua watu wa umri uleule ambao wachumi wanauita nguvukazi, ukaacha bibi na wajukuu na shamba lisilo na mikono. Sababu ya pili ni kuhama. Sensa ya 2022 imeionyesha wilaya ikipita tena laki moja, jambo la heri, lakini ukilinganisha na ongezeko la taifa bado ni wilaya inayotoa watu kuliko inavyopokea.

Wanakwenda wapi? Msichana anayemaliza darasa la saba au kidato cha nne bila kuchaguliwa kuendelea, mara nyingi hutafutwa na mtu wa mjini kabla hajatafuta chochote. Anapigiwa simu shangazi, nauli inatumwa, binti anashuka Magufuli au Ubungo na begi lake. Utani wa "dada wa kazi kutoka Iringa" umezoeleka mno kwenye vichekesho vya mitandaoni. Tumeufanya wa kuchekesha, na hatujiulizi kwa nini mkoa mzima (Makete ilikuwa ndani ya Iringa hadi Njombe ilipozaliwa mwaka 2012) ukawa ghala la wasichana wa kufua na kulea. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri ambaye ni mtu wa kawaida. Awali ilikuwa 40,000. Hata hiyo wengi hawaipati kamili.

Wavulana wana njia nyingine, yenye sifa kubwa zaidi. Wakinga, ndio watu wa Makete, na biashara ni habari inayojulikana kuanzia Kariakoo hadi Mwanjelwa, Makambako na Tunduma. Kijana anakwenda kukaa dukani kwa ndugu, anafungua asubuhi, anafunga usiku, anabeba mzigo, anajifunza bei. Miaka kadhaa anakula na kulala bila mshahara wa maana. Akionekana mwaminifu, anafunguliwa duka au anapewa mtaji. Ni chuo cha biashara kisicho na cheti, na kimezalisha matajiri kuliko vyuo vingi vyenye majengo ya ghorofa. Lakini sifa hizo zinaficha wengi. Tunawahesabu waliofika. Yule aliyekaa miaka mitano akafukuzwa kwa tuhuma ya hasara ya bidhaa hakuna anayemtolea mfano. Yuko Mbagala sasa, anatembeza mtumba, na ameingia kwenye asilimia ya Dar es Salaam. Kwa hiyo sehemu ya ukosefu wa ajira unaoandikwa jijini, kwa haki, ni mali ya Makete, Ludewa, Kilolo na Ileje.

Upande wa wanaobaki kuna suala la miti, na hapa najua nitakosana na watu wengi, maana katika vilima vile mti unaheshimiwa. Miti ni benki, wanasema, na hawakosei. Mipaina na milingoti (mikaratusi) imejenga nyumba za bati na tofali za kuchoma, imelipa ada za vyuo, imetibu wazee. Serikali ilihimiza, mashirika yakagawa miche, bei ya mbao ikapanda, na watu wa mjini wenye mishahara wakaja kununua ardhi kijijini kwa bei iliyoonekana nono siku ya malipo. Mteremko uliokuwa unalimwa ngano au kulazwa kwa msimu ukageuka msitu mdogo wa mtu anayeishi Dodoma.

Ninachouliza ni kazi ngapi zimo ndani ya ekari hiyo. Chukua ekari ya viazi mviringo. Inalimwa, inapandwa, inawekwa mbolea, inainuliwa matuta, inapuliziwa dawa ya ukungu tena na tena (na huku mvua na baridi havikuachi upumzike), inachimbwa, viazi vinachambuliwa, vinafungashwa, vinabebwa hadi barabarani. Kila hatua ina mtu anayelipwa, awe wa familia au kibarua wa kukatiwa ngwe. Pareto nayo ni maua ya kuchuma kwa mkono, mara kwa mara, na fedha yake inawafikia sana wanawake. Ekari ya mipaina inataka watu wakati wa kuchimba mashimo na kupanda, wa kupalilia miaka miwili mitatu ya mwanzo, wa kupogolea matawi, na wa kusafisha njia za kuzuia moto. Baada ya hapo ni miaka kumi na zaidi ya ukimya. Mlinzi mmoja anatosha kwa kilima kizima. Anayekuza paina kitaalamu anasubiri miaka 15 hadi 25. Mwanakijiji mwenye shida anaikata ikiwa na tisa.

Siku ya kuvuna inapofika, kazi inarudi kwa fujo, lakini angalia ni ya nani. Mnunuzi anakuja na mashine yake ya kuchania mbao, dingdong, na kundi lake la wachanaji waliozoeana nao kutoka Mafinga au Njombe. Wanapiga kambi, wanachana mbao, wanaondoka. Vijana wa kijiji wanapata kubeba, yaani kazi ya mgongo inayolipwa kwa idadi ya mbao, wiki mbili au tatu. Mama mmoja anapata tenda ya kuwapikia. Magogo yenye afya zaidi yanapakiwa kwenda Makambako na Mafinga kwenye viwanda vya vinia (mbao zilizomenywa nyembamba) na plaiwudi, vingi vyao vya Wachina, na huko ndiko zilipo zamu za usiku, mafundi umeme, madereva wa foko, makarani na mama lishe wa getini. Mti wa Makete unatoa ajira, sikatai, ila ajira hizo zinapatikana kilometa mia moja na zaidi kutoka kwenye kisiki.

Kuna wanaosema ardhi bado ipo, vijana ni wavivu. Hoja hii naisikia sana kwa watu wanaopokea mshahara. Kijana wa miaka ishirini anarithi kwa baba ambaye eneo lake zuri limeshapandwa miti, au limeuzwa. Anachobakiwa nacho ni bonde. Na mabondeni, kwenye vinyungu, yaani bustani za kandokando ya maji, ndiko kulikokuwa na kazi ya kiangazi: mahindi mabichi, maharage, mboga, viazi vya kuwahi soko. Vinyungu viliziba pengo la miezi ambayo mashamba ya mlimani yamelala. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka chanzo cha maji, na ina sababu zake nzuri, kwani maji ya vilima hivi yanategemewa hadi mashamba ya mpunga ya Usangu na mabwawa ya umeme. Ila mabonde mengi ni membamba. Ukipima meta 60 kila upande, kinyungu kimekwisha. Wakati huohuo milingoti iliyopandwa zamani kandokando ya vijito iliendelea kunywa maji hayohayo miaka mingi kabla viongozi hawajaanza kampeni za kuing'oa. Mwenye jembe aliambiwa aondoke kabla ya mwenye mti.

Wapo wanaoniambia niitazame Mufindi kabla sijalaumu miti. Haya. Mufindi ina shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote ya serikali, ina chai, ina kiwanda cha karatasi cha Mgololo, ina Mafinga iliyopata hadhi ya halmashauri ya mji mwaka 2015. Ajira za viwandani zipo na zinaonekana kwa macho. Lakini Mufindi inatufundisha pia kwamba ajira kubwa inayomtegemea mwenye mali mmoja huweza kuondoka kwa barua moja. Mgololo ilianza kuzalisha mwaka 1985 kwa mikopo mikubwa ya nje, ikasimama miaka ya 1990, na watu waliohamia kule wakiwa na matumaini ya mishahara ya maisha wakabaki kwenye nyumba za kambi wakilima bustani, hadi wawekezaji kutoka Kenya walipokinunua na kukiwasha upya. Mashamba ya chai yaliyokuwa ya Unilever yalipita mikononi mwa mfuko wa uwekezaji wa CVC, kisha mwaka 2024 ikatangazwa kuuzwa kwa Browns ya Sri Lanka. Na katikati ya kubadilishana huko kwa wenye mali, mashine za kuchuma chai zimeingia shambani. Kazi iliyokuwa ya watu wengi wenye vikapu mgongoni inafanywa na wachache. Mchumaji wa zamani hatangazwi kuwa amepunguzwa kazi, kwa sababu alikuwa wa msimu. Msimu unaofuata hakuitwa, basi.

Ludewa wana hadithi yao ya miradi ya chuma na makaa ya mawe ya Liganga na Mchuchuma, mkataba wa mwaka 2011, na kizazi cha wanafunzi waliosomea ufundi wakisubiri chuma kianze kuchimbwa. Sitaingia huko; inataka makala yake.

Turudi kwenye fedha. Amri ileile ya 2023 iliweka kima cha chini cha kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, kutoka 100,000 ya mwaka 2013. Ukigawa kwa siku 26 unapata kama 5,400 kwa siku. Wasomaji wengi wa vilimani watasema hiyo si mbaya, vibarua hulipwa karibu na hapo. Tatizo ni kuzidisha. Tuseme kijana anapata vibarua siku 90 kwa mwaka. Hiyo ni 486,000. Aliyeajiriwa mwaka mzima kwa kima hichohicho cha chini anafikisha 1,680,000. Wote wawili kwenye utafiti wana kazi, wote wanalipwa "kwa mujibu wa sheria", na mmoja anaishi kwa chini ya theluthi ya mwenzake. Tofauti hiyo ndiyo nauli ya basi.

Waliosoma wana foleni yao. Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, waombaji wakazidi 135,000. Katika kundi hilo walikuwemo walimu wa vilima hivi wanaojitolea katika shule za kata kwa posho ya wazazi, na ambao kwa kipimo cha saa moja kwa wiki, nao wana kazi.

Halmashauri zina chombo kimoja mkononi, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo isiyo na riba ilipewa nguvu ya sheria mwaka 2018, ikasitishwa 2023 baada ya madudu ya vikundi hewa, ikarejeshwa 2024. Shida ya wilaya ndogo ni kwamba asilimia 10 ya mapato madogo ni fedha ndogo, na inaelekezwa mahali ambapo watu wote tayari wapo: bodaboda, ufugaji wa kuku, ushonaji. Pikipiki ya kumi na tano kwenye kijiwe kimoja haiongezi abiria. Inagawa waliopo.

Ukitaka kuona ajira zinavyozaliwa Makete bila semina, nenda Ikonda. Hospitali ya wamisionari Wakonsolata ilianzishwa huko juu miaka ya 1960, mahali ambapo mchumi yeyote angesema hapafai. Kwa sababu ya sifa ya matibabu yake, wagonjwa hutoka Mbeya, Dodoma, Dar es Salaam, wengine mbali zaidi. Mgonjwa haji peke yake. Anakuja na msindikizaji anayehitaji gesti, chai ya moto, blanketi, vocha, usafiri. Manesi na wahudumu wana mishahara ya kila mwezi, wanapanga vyumba, wananunua mboga kila siku ya mwaka, kiangazi na masika. Muuza maziwa ana uhakika wa kesho. Lami ya kutoka Njombe ilipofika, mzunguko huo uliongezeka. Hifadhi ya Kitulo, pamoja na uzuri wake wote wa maua tangu itangazwe mwaka 2005, haijafikia nusu ya hapo kwa ajira za watu wa kawaida, kwa sababu mtalii anapita na mgonjwa analala.

Kwa hiyo swali langu kwa baraza la madiwani halihusu idadi ya wasio na ajira. Waache hiyo. Wakae na watendaji wa vijiji, wahesabu siku za malipo: mwezi huu, kijiji hiki, vijana walipata siku ngapi za kazi yenye fedha, na nani alizitoa. Daftari la mtendaji linatosha kuanzia. Wakilifanya hilo kwa mwaka mmoja tu wataona miezi iliyokufa iko wapi, nami nadhani wataikuta Julai hadi Oktoba, wakati ule ule ambao kibali cha kinyungu kinachopimwa kwa akili, au ghala la viazi la kuchambua na kupanga madaraja badala ya kushindilia lumbesa barabarani, lingeweza kuwashika watu.

Na wanapokaa kujadili kibali cha mnunuzi wa magogo, waulize kitu ambacho fomu za ushuru haziulizi. Miti iliyopandwa kwa wingi katika miaka ya 2010 inakomaa sasa na katika miaka michache ijayo, yote kwa pamoja. Magari yatapanda kwa misururu. Mashine ya kumenya vinia inaweza kufungwa Tandala au Iwawa kama ilivyofungwa Makambako, sasa kwa kuwa lami ipo na umeme wa gridi upo. Mnunuzi atasema gharama ni kubwa. Apewe unafuu wa ushuru kwa kila gogo linalomenywa ndani ya wilaya, na atozwe kamili kwa linaloondoka zima. Mapato ya halmashauri yatapungua mwaka wa kwanza, na mweka hazina atalalamika kwenye kikao cha bajeti. Alalamike, maana kazi yake ni fedha. Ya madiwani ni watu, na wengi wa wapiga kura wao wa miaka ishirini na tano wanapigia kura Temeke.